Kofia za Vichwa Tusivyovijua

Kibokoni, Mombasa
14 Septemba 1946

Kakangu Faraj,

Salamu zangu zikufikie popote ulipo, ukiwa nchi kavu au chomboni. Sisi tu wazima, twamshukuru Mola. Mama naye mzima, ila magoti yamemkataa na ngazi hapandi tena, kwa hivyo tumemhamishia chumba cha chini, karibu na daka la kuingilia, na tangu hapo hakuna apitaye asiulizwe atoka wapi na aenda wapi. Idi imepita. Mchele bado wagawanywa kwa kipimo, tumekula unga wa mahindi ya manjano na tukaambiana ni vizuri. Chumba cha nyuma tumempangisha Musyoka, Mkamba mmoja afanyaye kazi bandarini Kilindini. Mtu mstaarabu, hana makelele. Akusalimu sana ingawa hakujui.

Sasa neno lenyewe. Wamkumbuka Jamaldin, mtoto wa mjomba Aidarus, yule aliyekuwa akiogopa kuku? Sasa ana duka na ana kibali cha kitambaa. Wewe huko huenda hujui: tangu vita, asiye na kibali hapati hata kitambaa cha kufungia kidonda. Basi Jamaldin amekuja kusema kwamba sisi washona kofia wa mtaa huu, mimi, Mejumaa, Tumu na wenzetu, tumshonee yeye. Ataleta kitambaa na uzi, tutashona, kofia itakuwa yake, atatulipa kwa kila kofia. Ile kazi ya kununua kitambaa wenyewe, kushona, na kubishana bei na mnunuzi mpaka koo zikauke, ndiyo basi.

Wala hakuja kwa ubaya. Alikaa, akanywa kahawa, akasema, "Swabaha, nyinyi mwashona wiki nzima nzima, kisha mwakaa kungoja mnunuzi. Mimi nitawalipa siku ile ile. Zisiponunuliwa, hasara ni yangu." Na kweli, Faraj, kuna miezi kofia zimelala sandukuni na sisi tumelala na njaa.

Mama ndiye aliyemjibu, kutoka kitandani kwake. "Nyumba hii ina mwanamume. Yuko safarini. Akirudi atachukua kibali kwa jina lake." Jamaldin akacheka kwa adabu. Nami nilikwenda na Mejumaa kwenye ofisi ya vibali, karani akatuambia tulete mwanamume mfanyabiashara, akaendelea kunywa chai yake.

Kwa hivyo niambie mambo mawili. Nimjibu nini Jamaldin, na wewe warudi lini? Ukija, jina ni lako, kitambaa ni chetu, maneno yamekwisha. Huu ni mwaka wa sita, kaka.

Mimi nduguyo,
Swabaha

*

Cardiff
10 Novemba 1946

Dadangu Swabaha,

Barua yako imenifikia, nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Mbusie Mama mikono. Mwambie miguu ya mwanawe nayo ina baridi yake. Mimi sijambo. Meli nimeiacha, nafanya kazi ghalani, nabeba na kupanga. Mvua ya huku hainyeshi ikaisha kama yetu, ni ya kutwa kucha, mtu asahau nguo kavu zilivyo.

Kuhusu Jamaldin: usikubali! Dada, hayo anayoyafanya yana jina, na huku watu wamekwisha kuyasoma vitabuni. Mwenye mali hukaa na mali, asiye na mali huuza mikono yake, na bei hupangwa na yule wa kwanza. Leo atakulipa vizuri, kesho atakwambia kofia zimezidi mjini na bei imeshuka, na wewe huna pa kwenda kwa sababu uzi ni wake, kitambaa chake, hata sindano utaiona si yako. Kuna mzee mmoja hapa, mchimba makaa ya mawe, hutufundisha ukumbini kila Jumamosi. Asema mabepari hawahitaji kuwa watu wabaya, mpango wenyewe wawatosha. Nilimfikiria Jamaldin na kuku wake.

Na jua ya kuwa mwezi wa kwanza serikali ya huku yachukua machimbo yote ya makaa yawe ya taifa. Ndiyo, yote! Tena tangu mwaka huu watoto wote wa shule, wa tajiri na wa maskini, wapewa maziwa bure, kila mmoja chupa yake ndogo. Hakuna aulizwaye babake ni nani.

Nyinyi fanyeni ushirika. Changeni kitambaa, kila mtu atoe alichonacho. Tena gawaneni kazi kama viwandani: mwenye mkono mwepesi ashone duara la juu tu, mwingine ashone ukingo wa pembeni tu, wa tatu aunganishe. Mtashona maradufu. Mtakachopata mgawane sawasawa, na mwenye shida nyingi aongezewe. Jamaldin atabaki na kitambaa chake akitandike kitandani.

Safari ya kuja huko tutaitazama. Nafasi melini ni shida kwa sasa.

Kakako,
Faraj

*

Kibokoni
29 Januari 1947

Kaka Faraj,

Baada ya kukujulia hali, pole na mvua. Mama anakuombea kila baada ya swala. Bibi yetu Mwanakhamis wa Mtaa wa Nyuma amefariki, Mungu amrehemu, tulikuwa matangani wiki nzima.

Barua hii ingekwenda mapema, lakini mji ulifungwa. Wafanyakazi wote waligoma: bandari, reli, mahoteli, hata waliofagia. Hujapata kuona Mombasa kimya vile. Musyoka alikuwa akitoka asubuhi kwenda mikutanoni na kurudi jioni sauti imekauka. Juzi wamerudi kazini, wameahidiwa kusikilizwa. Nilimsomea barua yako, akafurahi mno, akaomba nimsomee tena pale pa makaa. Kisha akauliza, "Na hao wachimbaji, msimamizi wao amebadilika, au ni yule yule?" Niulizie.

Basi, tumefanya ulivyosema. Mejumaa alileta shuka zake za harusi, nyeupe, alizoziweka tangu Mungu alipomchukua mumewe. Tumu alileta kanzu mbili za marehemu babake. Mama akafungua kasha akatoa ile jora ya bafta aliyokuwekea wewe, ya kanzu za siku utakayorudi. Nilimkataza. Akasema, "Akija tutanunua nyingine, maana atakuja na kibali."

Nilivyowaeleza wenzangu, niliwaambia ni kama kula kikoa. Leo twala kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtu aleta chake na hakuna ahesabuye. Wote wakaelewa hapo hapo, wakapiga vigelegele. Tumu akasema kumbe hao Wazungu wa Cardiff wamejifunza kutoka kwetu.

Jamaldin amepata habari. Hakukasirika. Alikuja akakaa pale pale, akasema, "Mwakata shuka za harusi, dada yangu? Haya, Mungu awasaidie. Ila kikoa ni chakula. Chakula huliwa siku ile ile, na mlaji yuko mbele ya macho yenu. Kofia yaenda kwa mtu msiyemjua, aliyeko mahali msipopajua. Katikati hapo lazima awepo mtu. Mtu huyo ndiye mimi." Nilimwambia mtu huyo atakuwa kakangu. Akaniuliza yuaja lini. Nikasema karibu.

Kwa hivyo nimesema karibu, Faraj. Usiniache na neno hilo mdomoni. Amenipa mpaka kabla ya Ramadhani.

Swabaha

*

Cardiff
16 Machi 1947

Dadangu,

Mola awape afya nyote. Msalimie Mama, na pole kwa msiba wa Bibi Mwanakhamis, alikuwa akinificha jikoni kwake nilipotoroka chuo cha Kurani.

Huku tumeonja mauti, dada. Theluji imefunika milango. Mabomba ya maji yameganda, mikate yagawanywa kwa vipande vya karatasi, na cha ajabu kuliko vyote, makaa hakuna! Mwezi wa kwanza walipandisha bendera machimboni, tukashangilia mpaka machozi, na mwezi wa pili watu wakavunja viti wakachoma wapate moto. Nilimwuliza mzee wetu wa Jumamosi. Akasema makosa ni ya mabepari walioyaacha machimbo yakachakaa miaka na miaka. Huenda ni kweli. Lakini alikuwa amevaa makoti mawili akisema hivyo, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Mwambie Musyoka nimeulizia. Msimamizi ni yule yule. Wamempa chumba kikubwa zaidi.

Hata hivyo usidhani nimerudi nyuma. Zamani baridi kama hii ingeua watoto wa maskini peke yao. Mwaka huu nimeona kwa macho, maziwa yalikuja hata theluji ilipofika magotini, chupa zimeganda, watoto waziweka karibu na jiko la darasani zipate kuyeyuka. Na kuna yale mafuta ya ini la samaki yatolewayo zahanati, kijiko kimoja kila asubuhi, mtoto hufumba macho na kukunja uso na kukimbilia chini ya meza, lazima umvute kwa mguu. Lakini mifupa imepata nguvu, miguu imenyooka. Hilo Jamaldin hawezi kulifanya, hata awe na moyo wa dhahabu, maana halina faida dukani.

Nimechoka, Swabaha. Mgongo waniuma. Endeleeni na ushirika, msikate tamaa, mambo yote mapya huanza kwa taabu.

Faraj

*

Kibokoni
2 Juni 1947

Kakangu,

Mama amekuwa na homa, sasa ameinuka. Mvua za masika zimekuwa nyingi, ukuta wa uani umemeguka. Musyoka ameuziba na hakutaka chochote, alitaka barua zako tu asomewe. Wagomaji wameongezewa kidogo, na bei ya unga imeongezeka kidogo, anasema sasa wamerudi pale pale ila wamechoka zaidi.

Nikueleze ya ushirika wako.

Tuligawana kazi kama viwandani. Mimi na Mejumaa duara za juu, Tumu na wenziwe ukingo, Bi Swafiya wa kuunganisha. Kila mtu nyumbani kwake, kwa bidii, miezi. Mwezi uliopita tukakutana kwa Mama kuunganisha, tumevaa vizuri, na halwa imeletwa. Faraj, hakuna duara lililokubali ukingo! Hakuna hata moja! Huku kumezidi, huku kumepungua. Tukatazamana. Ndipo Bi Swafiya akauliza kila mtu alipima kwa kitu gani. Mejumaa alishona kwa kichwa cha marehemu mumewe, ambaye wakumbuka alivyokuwa na kichwa. Tumu kwa kichwa cha babake. Mwingine kwa mwanawe wa kiume. Mimi kwa ile kofia yako ya zamani. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote, mwanamke hushonea kichwa anachokijua, na hakuna kati yetu aliyewahi kushonea kichwa asichokijua. Wala wewe hukutuandikia kipimo. Viwandani huenda wana kipimo kimoja, sisi tuna vichwa.

Tulicheka mpaka Tumu akalia, kisha akalia kwelikweli. Zilikuwa kanzu za babake.

Tukafumua. Tulizookoa, chache, zikauzwa. Hapo ndipo vita vilipoanza. Mejumaa akasema, "Nimeshona usiku na mchana, na Tumu kashona akipenda, iweje tugawane sawa?" Tumu akasema, "Nina mgonjwa ndani, kaka yako ameandika mwenye shida aongezewe." Na wote wawili walisema kweli. Ningehukumu vipi? Nikampa Tumu zaidi, na tangu siku hiyo Mejumaa hapiti mlangoni kwetu, azunguka kupitia msikitini. Jirani yangu wa miaka yote! Jamaldin angemlipa kila mtu kwa kofia yake, wangemchukia yeye, na sisi tungebaki tunapendana. Ubaya wake nimeuona, naujua, sihitaji kuandikiwa. Lakini sikujua kwamba kuwa mwenye haki kwachosha hivi.

Sasa jambo la mwisho. Nimezisoma barua zako zote tena, usiku Mama alipokuwa na homa. Mara mbili nimekuuliza warudi lini. Mara ya kwanza ukaniambia nafasi melini. Mara ya pili hukuniambia kitu. Lakini umenieleza mtoto anavyofumba macho na kukimbilia chini ya meza, na kwamba lazima avutwe kwa mguu. Hilo halionekani barabarani, kaka. Wala ukumbini siku ya Jumamosi.

Una mtoto.

Sijamwambia Mama. Wewe ndiye utakayesema nimwambie au nisimwambie. Ramadhani ni mwezi ujao na Jamaldin ataka jibu. Niandikie upesi.

Swabaha

*

Kibokoni
11 Agosti 1947

Kaka Faraj,

Sote wazima, na twafunga. Meli mbili za posta zimekuja na hazikuleta kitu. Jamaldin alikuja kabla ya mfungo, Mama akamwambia tena kwamba nyumba ina mwanamume, naye akaondoka bila kunywa kahawa. Wenzangu wote sasa wamshonea, hata Mejumaa. Tumebaki mimi na Tumu, na kitambaa kimekwisha.

Jibu lolote ni jibu. Niandikie.

Swabaha

*

Cardiff
29 Agosti 1947

Swabaha,

Nisamehe kwa kukawia. Nimeianza barua hii mara nyingi.

Yuko, ni wa kike. Ametimiza miaka mitano na ameanza shule. Mamake ni wa huku, jina lake Gwen, alinitunza nilipotolewa baharini meli yetu ilipozamishwa. Nalo hilo la kuzamishwa sikuwaandikia, nilijua Mama hatalala tena. Tumeoana kwa sheria ya Mungu, imamu wetu hapa alitufungisha. Mtoto anaitwa Mwanakuu, jina la Mama. Huku hawawezi kulitamka, shuleni wamwita Mona, lakini mimi namwita jina lake lote.

Wafikiri najivunia serikali za watu. Siku ile niliyokwandikia ukatae, nilitaka kweli ukatae. Nilitaka pawe na mahali pawili duniani ambapo mnyonge hakukubali, hapa na kwetu. Lakini nilijua pia ya kwamba ukikubali, sina tena sababu ya kuitwa nyumbani, na sikutaka kuacha kuitwa. Ndivyo nilivyokushikilia ubishe na Jamaldin kwa niaba yangu.

Mtoto alizaliwa na kifua kibaya. Wasema mwakani dawa na madaktari vyote vitakuwa bure kwa kila mtu. Nami ni kuli, dada, mgongo umekwisha. Nikimleta Mombasa nitamlipia daktari kwa pesa gani? Kwa kofia? Sijui kama mpango wa huku utasimama, huenda ukaanguka kama mwingine wowote. Lakini leo wamsaidia kupumua.

Mwambie Mama. Mwambie wewe, mimi siwezi.

Faraj

*

Kibokoni
12 Oktoba 1947

Kakangu Faraj,

Salamu kwako, na kwa shemeji Gwen, na kwa binti yangu Mwanakuu. Sisi wazima.

Sikukasirika. Nilikasirika siku moja, nikafua nguo zote za nyumba, ikapita. Miaka yote sita ulinitia hofu ya bahari, kumbe hofu yenyewe ilikwisha kupita na wewe u hai. Nimemshukuru Mungu kwa hilo kwanza, mengine baadaye. Ya ubepari na ushirika sitabishana nawe tena. Nimejaribu yote mawili kwa mikono hii, na yote yataka mtu wa kuyabeba, na mbebaji huchoka.

Mama nilimwambia jana baada ya alasiri. Nilimpa maji kwanza. Nilianza na meli, nikaja kwa Gwen, nikaja kwa mtoto. Alisikiliza uso umegeukia ukuta. Nilipomtajia jina la mtoto aligeuka, akasema, "Nani?" Nikarudia. Akajifunika mdomo kwa kanga, nikadhani analia, kumbe anacheka, Faraj, anacheka kama msichana, mabega yanatikisika. Akaniuliza ana rangi gani, ana nywele gani, anakula nini, kifua kinakohoa usiku au mchana. Nusu ya hayo sikuyajua. Utamwandikia mwenyewe, kwa mkono wako, na umwandikie yote.

Kisha akaomba nimsaidie akae. Akaufunga ushungi wake vizuri, kama afanyavyo akitaka kutoka, akatazama mlango wa daka.

Akasema, "Basi mwite Jamaldin. Mwambie alete kitambaa."

Nimemwita. Atakuja leo.

Nduguyo,
Swabaha